Kutoa Ngome, Kutoa Mji: Asili na Maana za Kitenzi cha Kiingereza "Give Up"

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na kitenzi "give up" katika matini ya Kiingereza, ni nadra kumwona akinyoosha mkono kuchukua kamusi. Jibu analo tayari: kukata tamaa. Alilipata shule ya sekondari, akalikuta tena katika nyimbo na filamu, na sasa limekaa kichwani mwake kama sarafu yenye pande mbili, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sarafu hiyo ni ya bandia katika sehemu kubwa ya matumizi ya kitenzi hiki, na kwamba sababu zake zinapatikana katika historia ya kitenzi chenyewe.

Jambo hili si la darasani tu. Tuseme mfasiri amepewa taarifa ya afisa wa ustawi wa jamii ambamo imeandikwa kwamba mama fulani "gave up her baby". Akiandika kuwa mama huyo alimkatia tamaa mwanawe, atakuwa amemshtaki. Kiingereza kimesema tu kwamba mama alimtoa mtoto akalelewe na watu wengine. Hakikusema lolote juu ya moyo wake, na pengine alifanya hivyo kwa kuwa alimtakia mtoto maisha ambayo yeye mwenyewe hakuweza kumpa. Hakimu atakayeisoma tafsiri hiyo ataona mbele yake mzazi aliyemchoka mwanawe, naye ataamua kwa kufuata anachokiona.

Hoja yetu ni hii. Katika tabaka lake la kale kabisa "give up" si kitenzi cha moyo, ni kitenzi cha mkono. Ni tendo la kutoa, lenye mtoaji, kitu kinachotolewa na mpokeaji. Kadiri karne zilivyopita, mpokeaji aliachwa nje ya sentensi, kisha na kitu chenyewe kikaachwa, akabaki mtoaji peke yake, mikono mitupu. Ni hali hiyo ya mwisho tu ndiyo inayokaribiana na kukata tamaa kwetu, na hata hapo haifanani nayo kikamilifu.

2.0 Umbo la kitenzi

Kiingereza kina vitenzi vingi vya aina hii, ambavyo hapa tutaviita vitenzi virai: kitenzi kifupi cha kila siku kinachoandamana na kielezi kidogo cha mahali au mwelekeo, vyote viwili vikawa na maana moja isiyoweza kupatikana kwa kujumlisha maana za sehemu zake. "Give" ni kupa au kutoa; "up" ni juu. Anayejumlisha atapata "kutoa juu", ambalo si neno la mtu yeyote.

Sarufi yake haina haja ya kutuchelewesha. Inatosha kukumbuka kwamba yambwa ambayo ni nomino inaweza kukaa kabla au baada ya "up", lakini yambwa ambayo ni kiwakilishi sharti ikae katikati, na kwamba katika matamshi mkazo huangukia "up" mara nyingi zaidi kuliko "give". Jambo hili la mkazo linaonyesha kwamba "up" si mkia ulioning'inizwa tu. Uzito wa maana umo humo.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili, kwa kuwa kina minyambuliko ya vitenzi, hakina kabisa kitu kinachofanana na vitenzi hivi. Tunaona kauli hiyo imevuka mpaka. Tuangalie neno "mbali" katika tupilia mbali, potelea mbali na futilia mbali. Waziri anayefutilia mbali leseni hakuipeleka popote. Leseni haiko karibu wala haiko mbali, imekwisha. "Mbali" limeacha kazi yake ya kutaja umbali, limechukua kazi ya kuonyesha kwamba tendo limefika ukomo wake. Ndivyo lilivyofanya "up" la Kiingereza, tofauti ikiwa kwamba Kiswahili kinataka pia kitenzi kivae kauli ya kutendea ndipo "mbali" likubali kukaa naye, na kwamba sisi tunayo maneno machache ya namna hiyo ilhali wao wanayo mengi.

3.0 Kabla ya "up"

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa hadi yapata mwaka 1100, hakikuhitaji "up" kwa kazi hii. Kilikuwa na viambishi awali vilivyobandikwa mbele ya kitenzi, kama Kijerumani kinavyofanya hadi leo. Kuacha au kuachilia kitu kuliitwa "ofgiefan". Kurejesha au kukabidhi kuliitwa "agiefan". Katika utenzi wa Beowulf hilo la kwanza linatumika hata kwa mtu anayeuaga ulimwengu: kufa ni kuziachilia furaha za wanadamu. Msomaji aiweke picha hiyo akilini, kwa maana tutairudia tutakapofika kwenye roho.

Viambishi hivyo vilikuwa vimeanza kuchakaa katika matamshi hata kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Lakini kulikuwa na msukumo mwingine. Mwaka 865 jeshi kubwa la Waskandinavia lilitua Uingereza, na katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya nchi iliingia chini ya sheria na desturi za Wadeni. Wageni hao hawakupora tu wakaondoka. Walilima, walioa, waliuza na kununua sokoni, na lugha yao ilikuwa karibu vya kutosha na ya wenyeji hata pande mbili zikaelewana kwa shida ndogo. Ndiyo maana waliacha katika Kiingereza maneno ambayo lugha haziazimi kwa kawaida. Viwakilishi vya nafsi ya tatu wingi, "they" na "them", vimetoka kwao. Kadhalika neno la sheria, neno la kisu na neno la yai.

Hilo la yai lina kisa. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alisimulia mwaka 1490 jinsi mfanyabiashara mmoja alivyoomba mayai kwa mwanamke wa Kent akitumia neno lenye asili ya Kiskandinavia, naye mwanamke akamjibu kuwa hajui Kifaransa. Neno la asili alilolijua mwanamke yule lilikuwa, katika umoja, "ey", ambalo kwa sadfa tu halisikiki mbali sana na "yai" letu.

Mabadiliko yaliyolipata neno la yai ndiyo yaliyolipata na "give" lenyewe. Katika Kiingereza cha Kale "giefan" lilitamkwa kwa sauti ya y, na hata Chaucer katika karne ya 14 aliandika "yeve". Sauti ya g tunayoisikia leo inatokana na athari ya Kinorsi, lugha ya Waskandinavia wale. Na katika Kinorsi ulikuwapo tayari muundo "gefa upp", wenye maana ya kusalimisha, kuachia na hata kusamehe dai. Wajukuu wake wangali hai: Kiswidi kina "ge upp", Kidenishi kina "give op", na Kiisilandi kina "gefast upp", ambapo kitenzi kinajirejea chenyewe, yaani kujitoa.

Je, tuseme basi kwamba "give up" ni mkopo mtupu? Tusiseme hivyo. Kijerumani kina "aufgeben" na Kiholanzi kina "opgeven", zenye maana ileile na zisizotokana na Waskandinavia wa Uingereza. Tena Kiingereza cha Kale chenyewe kilijua kuweka "upp" karibu na vitenzi vya mwendo. Kauli iliyo salama ni kwamba mbegu ilikuwapo katika ukoo mzima wa lugha za Kijerumaniki, na kuwasili kwa Wanorsi kukawa mvua.

4.0 Abate aliyetoa abasia

Mahali ambapo mvua hiyo inaonekana imeotesha ni Peterborough, mashariki mwa Uingereza, ndani ya eneo lililowahi kuwa chini ya Wadeni. Watawa wa hapo walikuwa na nakala yao ya Tarehe ya Waanglo-Saksoni, kitabu cha kumbukumbu za mwaka kwa mwaka ambacho kinafanya kwa ufalme kazi ambayo Habari za Pate zinafanya kwa mji. Baada ya moto kuiunguza abasia yao mwaka 1116 walinakili upya kitabu hicho, wakaendelea kuongeza habari hadi mwaka 1154. Mahali pengine pote uandishi wa Tarehe hiyo kwa Kiingereza ulikuwa umekwisha nyamaza; Peterborough peke yake uliendelea. Nakala hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Mwaka 1127 Mfalme Henry wa Kwanza aliwapa watawa hao abate mpya, jamaa yake, Henry wa Poitou, aliyekuwa tayari na abasia nyingine huko Saint-Jean-d'Angély, Ufaransa. Mwandishi wa Tarehe hakumpenda, wala hakujaribu kulificha hilo. Alimfananisha na nyuki dume mzingani: wanayoyaleta nyuki wengine, yeye huyala na kuyatoa nje. Miaka 5 baadaye, baada ya Henry kufanya mipango ya kuiweka Peterborough chini ya watawa wa Cluny, mfalme alimwita akamfanya aitoe abasia na kuondoka nchini. Katika maelezo ya mwaka huo wa 1132 ndipo tunapokutana na umbo "gyuen up", miongoni mwa mifano ya kale kabisa ya kitenzi chetu inayojulikana.

Tutue hapa kidogo, kwani mfano huu mmoja unatufundisha mengi. Kwanza, kinachotolewa ni cheo, pamoja na mali na mamlaka yake. Pili, mpokeaji yupo, naye ni mfalme aliyekipa cheo hicho hapo awali. Tatu, mtoaji hakutaka, alifanywa atoe. Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, hakuna neno hata moja juu ya tamaa kukatika. Kwa jinsi mwandishi anavyomchora, Abate Henry alikuwa na tamaa tele, nayo haikukatika kwa kupoteza Peterborough. Kilichoondoka ni abasia.

Maelezo ya mwaka 1137 katika kitabu hichohicho yana mfano wa pili. Mfalme Stephen aliwakamata maaskofu wawili wenye nguvu, Roger wa Salisbury na Alexander wa Lincoln, pamoja na waziri wake mkuu wa maandishi, akawatia gerezani mpaka walipozitoa ngome zao. Hapa mwandishi ameandika "iafen up", kwa herufi inayoashiria sauti ya kale ya y. Mtu mmoja, katika kurasa chache, ana g mahali pamoja na y mahali pengine. Mwanaisimu hawezi kuomba ushahidi ulio wazi zaidi wa lugha iliyo katikati ya kugeuka.

Abasia na ngome. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza tunavyovikuta katika yambwa ya "give up". Ni vitu ambavyo haviwezi kuachwa tu kama mtu anavyoacha fimbo njiani. Lazima avipokee mtu.

5.0 Kwa nini juu?

Baadhi ya wanafunzi wetu hudhani kwamba "up" linatokana na kuinua mikono mbele ya mwenye bunduki. Ni picha nzuri, na ni kweli kwamba leo Mwingereza mwenyewe anaweza kuiona akilini asemapo neno hili. Lakini abate wa 1132 hakunyooshewa bunduki, maana Ulaya haikuwa nayo.

Maelezo mawili yanastahili kupimwa. La kwanza linatazama jamii. Katika utaratibu wa wakati ule ardhi, ngome na vyeo vilishuka kutoka kwa mfalme kwenda kwa mabwana, na kutoka kwa mabwana kwenda kwa walio chini yao. Kitu kikirejeshwa, kinapanda. La pili linatazama lugha: "up" lilikuwa likijenga maana ya ukamilifu, ile inayoonekana leo katika "eat up", kula chote, na "burn up", kuteketeza. Kutoa "up" ni kutoa usibakize.

Sisi tunaliona la pili kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu linaeleza kundi zima la vitenzi na si kimoja. La kwanza tusilitupe, hata hivyo. Kiingereza kina pia "yield up" na "deliver up", na vyote viwili vinapendelea mpokeaji aliye mkubwa kuliko mtoaji. Maana ya ukamilifu huenda ilipata shina lake katika miktadha kama hiyo, ambapo kupandisha na kumaliza vilikuwa tendo moja.

Ni vema kutaja pia kwamba mahakama na majeshi ya Uingereza yalipata neno jingine kwa tendo hilohilo, nalo ni "surrender", lililotoka katika Kifaransa cha Wanormani: "rendre", kurejesha, likitanguliwa na kiambishi chenye maana ya juu au juu ya. Kwa hiyo Kiingereza kina picha moja katika mavazi mawili. Lenye asili ya Kifaransa lilivaa joho, likaenda mahakamani. Lenye asili ya Kijerumaniki lilibaki nyumbani, na kwa kuwa lilibaki nyumbani likazaa.

6.0 Roho inayotolewa

Tawi lililozaa mapema ni lile la kifo. Katika tafsiri ya Biblia iliyochapishwa London mwaka 1611 kwa idhini ya Mfalme James, kifo cha Yesu kinaelezwa na Marko, Luka na Yohana kwa usemi mmoja, "gave up the ghost", na William Tyndale alikwisha kuutumia usemi huo katika Agano Jipya lake la 1526. "Ghost" hapa si mzuka. Ndilo neno la kale la roho, ndugu ya "Geist" la Kijerumani.

Lakini Kigiriki cha asili hakina usemi mmoja. Marko na Luka wametumia kitenzi chenye maana ya kutoa pumzi ya mwisho. Yohana ametumia kitenzi cha kukabidhi, kilekile ambacho Injili zinakitumia kwa tendo la Yuda la kumtia Yesu mikononi mwa adui zake. Mathayo ana kitenzi cha tatu, cha kuachilia, na hapo watafsiri wa 1611 walibadilisha kidogo, wakatumia "yield up". Kwa Marko na Luka, basi, wamemfanya Yesu atoe kitu mahali ambapo Kigiriki kilisema tu kwamba alipumua mara ya mwisho.

Sasa tuangalie Kiswahili. Katika Biblia ya Union Version ya 1952 Marko na Luka wamepewa kukata roho, Mathayo amepewa kuitoa roho, na Yohana amepewa kuisalimu roho. Tofauti zote tatu zimehifadhiwa. Tunalisema hili kwa furaha, kwa sababu imezoeleka kudhaniwa kwamba Kiswahili kinapokutana na matini nzito lazima kipoteze kitu. Hapa Kiingereza ndicho kilichopoteza. Zaidi ya hayo, kitenzi "salimu" kwa Yohana kimeteuliwa kwa uangalifu mkubwa: kinabeba mpokeaji ndani yake, kama kilivyobeba kitenzi cha Kigiriki.

Usemi huo wa Kiingereza leo umeshuka hadhi. Mwingereza husema hivyo kwa kibaniko cha mkate kilichoungua au kwa gari lililogoma kuwaka, naye hutabasamu asemapo. Sisi tunasema injini imekufa, wala hatuna tabasamu.

7.0 Jinsi mpokeaji alivyopotea

Hatua iliyofuata inaweza kufuatwa kwa kuangalia aina ya vitu vinavyokaa katika yambwa. Ngome hutolewa kwa mfalme. Mfungwa hutolewa kwa wanaomtafuta. Roho hutolewa kwa Mungu, ingawa hapo mpokeaji amekwisha kuwa wa kudhaniwa. Lakini tumbaku, ikiwa mtu ata-"give up" tumbaku, anampa nani? Hakuna. Kitu kimekuwa tabia, na tabia haina mwenyewe wa kuirudishiwa. Mara tu Kiingereza kilipokubali vitu vya namna hiyo, mpokeaji hakuwa tena sehemu ya lazima ya maana, na kitenzi kikawa na maana ya kuacha.

Hata hivyo si kila kuacha. Mtu aliye-"stop" kuvuta sigara huenda ameizima tu ili aingie kanisani. Aliye-"give up" ameagana nayo, na imemgharimu. Gharama hiyo ni mabaki ya ngome: kinachotolewa ni kitu ulichokithamini au ulichokishikilia kwa nguvu. Huwezi ku-"give up" mchango usiowahi kukusudia kuutoa. Na tuone pia kwamba anayeacha sigara kwa njia hii hakukata tamaa. Pengine ndiyo kwanza ameipata.

Kisha yambwa nayo ikaondoka. Mtu anajaribu kufungua kufuli, funguo hazikubali, anasema "I give up". Anatoa nini? Jaribio lenyewe. Matumaini pia, ikiwa alikuwa nayo. Katika kona hii ndipo kukata tamaa kunapoingia kihalali, na mlango wake ulikuwa usemi "give up hope", kutoa tumaini. Kadhalika madaktari waki-"give up" mgonjwa, Kiswahili kitasema kwa usahihi kwamba wamemkatia tamaa. Lakini marafiki wa mtuhumiwa waki-"give him up", wamemtoa kwa polisi. Maneno ni yaleyale matatu, "gave him up", na mtu anayezungumziwa yuko kitandani katika sentensi ya kwanza na yuko pingu mikononi katika ya pili.

Lugha ina mizaha yake. Baada ya karne hizo zote za kumpoteza mpokeaji, jukwaa la Kimarekani lilimrudisha. Mwishoni mwa karne ya 20 ulienea, kupitia wachekeshaji na vipindi vya televisheni, usemi "give it up for" ukifuatwa na jina la msanii, na maana yake ni mpigieni makofi. Mpokeaji amesimama palepale, chini ya taa. Mfasiri wa filamu aliyezoea sarafu yetu ya bandia atawataka watazamaji wamkatie tamaa mwimbaji kabla hajaimba.

8.0 Kiswahili na mpokeaji

Tumesema kwamba historia ya "give up" ni historia ya mpokeaji anayefifia. Sarufi ya Kiswahili hairuhusu afifie kwa urahisi hivyo. Tukiyapanga maneno tunayoyahitaji kutafsiri kitenzi hiki, tunaona kwamba mengi yanamtaja, ama kwa kiambishi cha yambwa ama kwa kauli ya kitenzi. Abiria kijana ndani ya daladala humpisha mzee kiti, au humwachia. Mshukiwa hujisalimisha. Mji husalimishwa. Mama wa mfano wetu alimtoa mtoto wake alelewe na familia nyingine, na hapo hakuna njia ya kuiandika sentensi vizuri bila kuitaja familia hiyo. Kiingereza kiliweza kunyamaza, Kiswahili kinauliza "kwa nani?" Mfasiri asiyepata jibu la swali hilo katika matini anapaswa kulitafuta, wala asijifiche nyuma ya tamaa.

Kwa maana ya kuacha tabia tunayo "acha", na tunayo iliyo bora zaidi, "achana na". Anayeachana na pombe ameifanya pombe kuwa mshirika, kama mume na mke wanaoachana, na kauli ya kutendana inabeba ile gharama ambayo "acha" peke yake haiionyeshi.

Kwa cheo, waandishi wa habari wa Tanzania wana "kuachia ngazi", usemi unaoeleweka mara moja. Lipo pia "kung'atuka", neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilitia katika Kiswahili cha umma, na ambalo lilikaa kabisa baada ya yeye kuondoka katika urais mwaka 1985. Kung'atuka ni kwa hiari. Kiingereza hakina tofauti hiyo ndani ya "give up": rais anayeondoka kwa kupenda na abate anayefukuzwa na mfalme wote wametoa cheo. Atakayeitafsiri Tarehe ya Peterborough asije akaandika kwamba Abate Henry aling'atuka. Mtawa aliyeandika habari hiyo angeamka kaburini.

Kwa vita tuna "kusalimu amri". Msemaji kijana, anayelijua "salimu" kwa maana ya kuamkia tu, anaweza kustaajabu kwa nini mtu aiamkie amri. Kitenzi hiki kimetoka katika Kiarabu, ambamo "sallama" ni kuamkia na pia ni kukabidhi, na maana ya pili imesalia kwetu katika usemi huu na katika ile roho ya Yohana. Anayesalimu amri anakabidhi uwezo wa kuamuru. Ni ngome na abasia tena, safari hii kwa mavazi ya Kiarabu.

Historia ya pwani inatupa nafasi ya kupima maneno haya. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilizingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696 hadi walipoivamia na kuiteka mwaka 1698. Hapo "give up" haliwezekani, wala kusalimu amri, ngome ilitekwa. Lakini Wareno waliporudi mwaka 1728, na wenyeji wakawageuka mwaka uliofuata, kikosi kilichokuwa ndani kilibanwa na njaa hadi kikaitoa ngome mwezi Novemba 1729. Hapo ndipo kitenzi cha mwandishi wa Peterborough kinapokaa sawasawa, bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Tuna kisawe kingine, cha Kibantu kitupu, ambacho kamusi hazielekei kukifikiria kwa sababu makao yake ni barazani, katika vitendawili. Mtegaji amesema "Kitendawili!" na wenzake wamemjibu "Tega!" Wamejaribu jibu la kwanza, la pili, la tatu, wameshindwa. Mwingereza angesema hapa "We give up". Waswahili hawasemi kwamba wamekata tamaa, kwa kuwa hakuna aliyehuzunika. Mtegaji anadai: "Nipeni mji." Nao wanampa.

Kila kilichokuwamo katika mfano wa 1137 kimo humu: mtoaji aliyezidiwa, mali kubwa inayotolewa, na mpokeaji mwenye haki ya kuipokea. Kitenzi nacho ni kilekile cha kupa. Kwa hiyo mhusika wa hadithi ya Kiingereza anapotegewa fumbo, akashindwa, akasema "I give up", tunapendekeza mfasiri amwache aseme "Haya, nakupa mji." Ila akumbuke kanuni moja ya mchezo. Mtegaji hafungwi na mji anaopewa. Akipewa kijiji cha pembezoni anaweza kukikataa, akadai Mombasa au Unguja, na jibu halitoki kinywani mwake mpaka apewe mji anaoutaka.